Gurudumu la Murara

Watu wakiingia saloni kwangu, sebuleni, hapa Keshero muji wa Goma, macho yao yanaenda moja kwa moja kwenye kabati ya vioo, kisha yananirudia mimi, kisha wanaanza kucheka. Mama mutu muzima, muuzaji wa vitenge, anafungia vigari vya watoto kwa ufunguo! Nimechoka kuwajibu. Si vya watoto. Ni magari ya chuma yaliyotengenezwa Ulaya zamani, kila moja kadiri ya kidole, mufano kamili wa gari ya kale ya kweli: taa zake za mbele, usukani mwembamba, magurudumu ya spoki, hata kiti cha nyuma alipokaa tajiri na kofia yake. Mutoto akigusa, namufinya sikio. Mukubwa akigusa, namuonyesha mulango.

Ugonjwa huu niliupata kwa Papa, baba yangu. Alikuwa dereva wa lori kati ya Butembo na Goma. Anashuka na maharagwe, anapanda na chumvi na sabuni. Nikiwa bado musichana wa shule, alihamisha vitu vya muzungu mumoja muzee aliyekuwa anafunga shamba lake la kahawa upande wa Rutshuru. Walipomaliza kupakia, muzungu akamupa boksi la viatu lenye vigari ndani. Alisema haviingii tena kwa sanduku lake. Wapakiaji wenzake walipewa mashuka na sufuria. Papa akarudi nyumbani na boksi la vigari, amefurahi mpaka masikioni, na Mama hakumusemesha mpaka Jumapili.

Mimi ndiye niliyeongeza. Kwenye soko la Virunga, marobota ya mitumba yakifunguliwa, katikati ya viatu vya watoto huwa vinaanguka vitu vya kuchezea. Gari ya kukusanya unaigeuza kwanza tumbo juu. Tumbo likiwa la plastiki, rudisha. Likiwa la chuma, na jina la nchi limepigwa humo, hapo moyo unaanza kudunda, lakini uso unaukaza, usije ukajulikana. Na ziko zingine, za kale kabisa, ambazo chuma chake kinaoza kutoka ndani. Unaiona nzima, siku moja unaishika na inapasuka mukononi. Nimeshalia kwa ajili ya gari ya namna hiyo, na sioni haya kusema.

Basi. Mama alikufa, tukamuzika Butembo. Baadaye moyo wa Papa ukaanza kusumbua, nikamuita Goma atibiwe. Aje kidogo tu, apate dawa, arudi. Nyuma yake barabara ikafungwa. Watu wa Rutshuru wakaanza kuingia muji na magodoro kichwani, na mbuzi, na wagonjwa ndani ya viti vilivyobebwa. Kisha ndege zikaacha kutua. Kisha vita ikawa kwetu wenyewe, na Goma ikabaki na ziwa upande mumoja, mupaka upande wa pili, na bunduki upande uliobaki.

Papa hakuogopa bunduki. Alikuwa ameona nyingi. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamutesa, na alikisema asubuhi na jioni mpaka nikatamani kuziba masikio.

"Mama, unirudishe nyumbani." Aliniita mama tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Hapa munazika watu ndani ya mawe ya volkano. Butembo kuko udongo. Unilaze kando ya mama yako, kwa udongo."

"Papa, barabara imefungwa."

"Itafunguka. Siku itafunguka, usinikute nimelala."

Sasa niseme habari ya gari yangu, ile ya kweli. Nilikuwa na jipu ya kubebea vitenge. Hapa Goma kila mwenye gari anajua: vita ikikaribia, unatoa mapine, magurudumu yote. Gari yenye mapine ni ya askari atakayefika kwanza. Gari iliyokaa juu ya mawe ni ya mwenyewe. Papa aliokoa lori lake hivyo katika vita vyote vya zamani, na safari hii alisimamia kazi yeye mwenyewe, ameketi ndani ya kiti uani, anaelekeza kwa fimbo.

"Na musiyaweke pamoja! Kila pine na nyumba yake. Wakikuta moja, watafanya nini nayo?"

Tukayatawanya. Moja chini ya kitanda chake. Moja kwa jirani, chini ya kuni. Moja kwa binamu yangu, hapa hapa Keshero. La akiba lilikuwa limepasuka tangu zamani, na mimi kila wiki nilikuwa nasema nitalipeleka kwa fundi. La mwisho, la nne, nikalipeleka Murara, upande wa pili wa muji, kwa rafiki yangu wa kwaya, mujane mwenye nyumba ya matofali, madirisha yenye grili na kufuli la kuogopesha. Nilijisifu kabisa kwa lile la Murara.

Tukaanza kukaa. Kukaa tu, sijui niseme vipi. Umeme hakuna, benki imefungwa, duka langu limevunjwa, maji ni ya ziwa. Unaamka, unasikiliza, unapika kilichopo, unasikiliza tena. Papa akaomba ufunguo wa kabati. Akachagua gari moja, nyeusi, yenye paa la kukunja, akawa anaisafirisha juu ya meza. Ukingo wa kitambaa ndio Goma. Kikombe ni Kibumba. Anafika Kalengera, anasimama, anawatukana wale wauza mahindi ambao hawakuwepo. Anapita Rutshuru, anapita Rwindi, anapanda Kanyabayonga akikoroma kwa mudomo badala ya injini. Lubero. Butembo, ukingo wa pili. Kisha anageuza na kushuka. Kutwa nzima! Siku moja nikamufokea: Papa, utanitia wazimu na barabara yako. Akasimamisha gari kando ya kikombe.

"Wewe uko na barabara ingine?"

Ndipo jirani akaja mbio. Kesho barabara inafunguliwa, siku moja tu, magari yenye wazee na wagonjwa yatapita kwa musururu, asubuhi. Yesu wangu! Niliruka. La chini ya kitanda, tayari. La chini ya kuni, tayari. Binamu akalileta lake anakimbia. Nikapanda pikipiki kwenda Murara, ninaimba njiani, mimi ambaye sikuwa nimeimba tangu kwaya ivunjike.

Kufuli lilikuwa kwa mulango. Lile la kuogopesha.

Nikapiga hodi, nikaita, nikazunguka nyumba. Mwanaume mumoja wa nyumba ya jirani akatoka. Akasema mama huyo amevuka mupaka na watoto, yuko Gisenyi. Nikapiga simu yake, imezimwa. Nikaenda kwa dirisha, nikaweka uso kwenye grili, na nikaliona. Gurudumu langu lilikuwa limelazwa katikati ya saloni, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Alikuwa amelifanya kimeza! Nikapitisha mukono kati ya vyuma mpaka begani. Sikufika hata karibu.

"Papa, tuvunje kufuli," nikamuambia yule jirani. "Ninalipa kufuli, ninalipa mulango. Baba yangu anakufa."

"Mama, pole sana. Mimi niliachiwa nyumba. Pine sikuachiwa."

"Lakini unaliona! Ni langu!"

"Ninaona pine. Nitajuaje ni yako?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Siku zile, baada ya uporaji ule wote, aliyevunja kufuli alikuwa mwizi, hakuna maelezo, na wezi walikuwa wanachomwa. Yule papa alikuwa na haki, na ndiyo sababu nilimuchukia. Nilipiga magoti mbele yake. Aligeuza uso, lakini hakutoka mbele ya mulango.

Nilizunguka muji mpaka jioni nikiomba gurudumu. Mafundi wamefunga, maduka yameporwa, na wenye magari wanayahitaji yao. Niliomba Papa apewe nafasi kwa gari ya mutu mwingine. Gari zote zilikuwa zimejaa mpaka juu ya paa.

Asubuhi nikamukuta Papa ameshaingia ndani ya jipu. Suti yake ya misa, kofia, fimbo kati ya magoti. Binamu yangu ndiye aliyemusaidia kupanda, akakosa moyo wa kumuambia, akaniachia mimi. Gari ilikuwa imesimama kwa magurudumu matatu, na kona ya nne ilikuwa juu ya mawe.

Nikamuambia gurudumu limefungiwa Murara.

"Ni mimi nilikufundisha," akasema. Kisha: "Panda."

"Papa, tunaenda wapi? Haitembei."

"Panda, mama."

Nikapanda, nikashika usukani. Alianza kutaja. Kibumba. Rugari. Kalengera, hapa punguza, watoto wanakatisha bila kuangalia. Na nikapunguza. Mimi, na hasira yangu yote, nikakanyaga breki ya gari iliyo juu ya mawe. Rutshuru. Rwindi, funga vioo, vumbi. Kwa mbali, upande wa barabara kubwa, tulikuwa tunasikia honi za musururu ukiondoka. Alitaja mpaka Kanyabayonga, hapo usingizi ukamuchukua. Nilibaki nimeshika usukani, ninalia, na nilikuwa ninamutukana kila mutu niliyemujua.

Aliamka, lakini barabara haikufunguliwa tena akiwa hai. Tulimuzika hapa. Vijana walivunja mawe kwa mitarimbo tangu asubuhi. Unapiga, cheche zinaruka, kinatoka kipande kadiri ya ngumi. Padri alisubiri. Sote tulisimama tukisikiliza chuma na jiwe, na mimi nikawa ninamuomba Papa musamaha kimoyomoyo kwa kila pigo.

Tulikuwa bado ndani ya matanga, uani, rafiki yangu wa Murara alipoingia. Alikuwa amerudi kutoka Gisenyi asubuhi ile ile, akasikia habari njiani. Alikuja kwa miguu, anasukuma gurudumu mbele yake kwa mikono miwili, kutoka Murara mpaka Keshero, kitenge chake kimejaa vumbi. Watu wakasogeza miguu. Likapita katikati ya viti.

"Dada," akasema, na alikuwa analia, "nililitunza muzuri. Angalia, nilikuwa ninalipanguza."

Na ni kweli, lilikuwa safi. Nikamuambia aksanti. Nikamukumbatia, kwani angefanya nini? Kisha nikamuomba alipitishe saloni.

Liko pale mpaka leo, chini ya kabati, na juu yake nimeweka ile gari nyeusi yenye paa la kukunja. Jipu iko uani juu ya mawe. Majirani wananiuliza: mama, pine si ilirudi, mbona huifungi kwa gari? Ninawauliza na mimi: nikishaifunga, niende wapi?