Shemeji Yangu Mkalimani na Neno "Evict"

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni mkalimani wa mahakama kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wako wanaomwita dalali. Ukoo huu haujawahi kutoa dalali. Kazi yake ni maneno, na ana desturi moja inayowachosha hata mahakimu: akishakutafsiria neno, hakuachi mpaka umrudishie maana yake kwa kinywa chako mwenyewe.

Jumamosi moja jirani yetu, fundi cherehani, alikuja mbio na barua ya Kiingereza mkononi, futi ya kupimia ingali shingoni. Mwenye nyumba wake alikuwa amefika na wabebaji wawili. Alikitaka chumba ampe mkwewe afungue saluni.

"Shemeji yako yupo? Nasikia nimefukuzwa, na sare za shule nzima zimo ndani!"

Shemeji aliacha chai, akavaa koti, maana kwetu mtu hatoki na fulana, akaisoma barua njiani. Tulikuta wabebaji wameshafikisha cherehani mlangoni.

"Hapa umeandika 'evict'," akamwambia mwenye nyumba. "Ni kumtoa mtu ndani ya nyumba kwa nguvu, tena kwa amri ya mahakama. Kumwomba ahame si 'evict'. Kumtupia vyombo nje nako si 'evict', hiyo ni fujo tu. Haya mzee, nirudishie. Maana yake nini?"

"Mimi si mtoto wa shule."

"Najua. Nirudishie."

Majirani walikuwa wameshajaa. Mwenye nyumba akakohoa. "Kumtoa mtu kwa nguvu."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya... mahakama."

"Unayo?"

Mbebaji mmoja akaguna, "Bosi, mzigo huu mzito. Unayo au huna?"

"Nitaifuata Jumatatu."

"Karibu sana," akasema shemeji. "Nitakuwepo, nikutafsirie."

Kicheko kikapasuka hadi barabarani. Hata yule mbebaji alicheka, cherehani ikayumba.

"Turudishe wapi, mama?" wabebaji wakamuuliza fundi.

"Palepale dirishani. Na polepole, wanangu, mguu mmoja umelegea!"

Jumatatu mwenye nyumba hakuonekana mahakamani, wala Jumatatu nyingine yoyote. Fundi yumo chumbani mwake hadi leo, na mwenye nyumba akipita, yeye ndiye anayeanza kusalimia.