Mama mkwe ana muuguzi wake wa kwenye simu, na si mimi

Leo nimemwonea wivu mtu aliyemsaidia mwanangu. Msinicheke.

Mchana nimetoka kazini, nafika nyumbani Mjimwema, nakuta Brian wangu wa miaka miwili analia chini ya bomba la uani. Chai ya moto imemmwagikia mkononi. Mama mkwe wangu kamshika, maji yanatiririka.

"Shikamoo mama! Umempaka nini?"

"Sijampaka kitu. Dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Maji ya bomba dakika ishirini, halafu tunakwenda hospitali."

Sahihi kabisa!

Nikajua amesoma posti zangu. Mimi ni muuguzi, na kila wiki naandika hapa ushauri kwa wazazi.

"Umejifunza wapi, mama?"

"Kwa Neema, yule binti wa kwenye simu. Za kwako ndefu, mwanangu. Nasinzia."

Neema wa video za afya! Namjua, tulisoma uuguzi darasa moja!

Tumesharudi kutoka hospitali, Brian anaendelea vizuri. Nikafungua video ya Neema. Nimeiangalia mara tatu nikitafuta kosa.

Hakuna. Dakika moja tu, na mtu yeyote anaelewa.

Roho imeniuma, jamani.

Nikajikaza, nikaandika chini yake: "Asante, umemsaidia mwanangu." Akaunti yangu inasema Mama Brian, kwa hiyo hajanitambua.

Kajibu hapohapo: "Karibu, dada. Endelea kujifunza."

Mimi! Nijifunze!

Haya niambieni, nimjibu nini huyu?