Kimondo cha Mzee Kidevu

Watu wa mtaani walimwita Mzee Kidevu, kwa sababu hilo ndilo agizo alilompa kila aliyekaa mbele ya kamera yake: "Kidevu juu kidogo." Alipiga picha za pasipoti na vitambulisho, na tangu mkewe afariki, maneno hayo yalikuwa karibu nusu ya maongezi yake yote. Nusu ya pili ilikuwa simu ya Jumapili, kutoka kwa binti yake aliyeolewa ng'ambo.

"Shikamoo Baba. Umekula?"

"Marahaba. Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Wakishathibitishiana kwamba hakuna aliyekufa njaa, simu ilikatwa.

Jumapili moja binti akaja na jipya. Wiki ile kulikuwa na mvua ya vimondo, akasema, ile ndogo ambayo hata wenye darubini hawahangaiki nayo. "Huku mawingu matupu. Nipigie picha ya hata kimoja, Baba."

Mzee Kidevu hakuwa na haja na vimondo. Alichotaka ni Jumapili moja yenye la kuzungumza. Akapanda juu ya paa na kamera na mkeka, akaelekeza lenzi penye giza, akawa anapiga tu. Mbingu ilimnunia. Shingo ilikuwa imeshakufa ganzi mwanga mwembamba ulipochana giza, ukazimika. "Lo!" akasema kwa sauti, akageuka kutazama nani mwingine kaona. Palikuwa na tangi la maji tu.

Asubuhi akaifungua picha kwenye kompyuta, macho mazito, mteja akigonga kaunta. Mkono wake, uliozoea kufuta chunusi na makovu kwenye nyuso za watu, ukaona mkwaruzo, ukaufuta. Akahifadhi, akafuta picha zote kwenye kadi ya kamera kama kila siku, akaita: "Karibu. Kidevu juu kidogo." Alipokuja kutanabahi, mteja alikuwa ameshaondoka na picha zake, na kimondo kimeshakwenda.

Jumapili simu ikalia.

"Umekipata?"

"Nilikipata. Nikakifuta."

"Ukakifuta vipi?"

"Nilidhani kovu."

Kikaja kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu msiba. "Baba! Hata mbingu umeipaka poda? Haya, kilikuwaje? Kirefu?"

Hakikuzidi ukucha. Mzee Kidevu akahamishia simu sikio la pili.

"Kirefu?" akasema. "Mwanangu, ngoja nikusimulie."