Eliza Alipojifunza Kulala Tuli

Kuna watu Tunduma ambao hadi leo wakiniona wanafunika midomo kwa vitenge vyao, na siwalaumu, maana walinishuhudia nikigaragara vumbini nikimlilia mtoto aliye hai (tena kile kilio cha kuita jina, mnakijua), mimi niliyetoka chuo kikuu nikimdai kila mtu ushahidi, hata mchungaji.

Ilikuwa hivi. Eliza, binti wa dada yangu Atupele, alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe kule Msangano, kichwa kikawa hakiachi kumuuma, tukaandikiwa kipimo cha CT scan Mbeya. Alipoiona ile mashine alipiga kelele na kurusha miguu, picha haikutoka. Wakatupangia siku nyingine na kusema safari hiyo atapewa dawa ya usingizi. Dada akaingiwa na hofu, kwa sababu mtoto alikuwa na kifua cha kubana. Nikauliza (nauliza kila kitu): je, akilala tuli mwenyewe, dawa ya nini? Mtaalamu wa picha akasema akiweza, hata wao watafurahi, na kwamba wapo watoto wanaotulia wakifundishwa kwanza kwa mchezo.

Basi nikaanzisha mazoezi. Nikakata tako la pipa la plastiki, nikatandika mkeka barazani, nikamfunga Eliza kitenge kuanzia kifuani hadi miguuni, kichwa nikakiingiza ndani ya pipa, mimi pembeni navuma kama mashine ya kusaga. Sheria ilikuwa moja: hata watu wapige kelele vipi, hutikisiki mpaka mjomba akuite jina. Mwanzoni alicheka tu. Baadaye akawa hodari kuliko nilivyotarajia, nikajisifu mtaa mzima.

Sasa kwa kuwa Mbeya nisingekuwa naye chumbani, siku moja niliamua nimwache kidogo nikamnunulie biskuti. Dukani nikamkuta mwenye duka anabadilisha kwacha za Zambia, nikamuuliza kwa nini bei ya asubuhi si ya mchana, tukabishana, muda ukaenda.

Huku nyuma jirani yetu, Mama Yusta, akapita, akaona mtoto kanyooka mkekani, kafungwa kitenge, anamwita "we mwana" haitiki. Akapiga yowe. Niliporudi, njia imejaa wanawake waliojifunga vitenge kiunoni, mmoja na kuni kichwani. Nikauliza kuna nini.

"Pole, kaka. Ni kwenu pale, mtoto wa Atupele."

Sikuuliza swali la pili. Mimi! Nilikimbia nikajibwaga chini mbele ya umati wote. Hakuna aliyekuwa amemgusa mtoto, walikuwa wanamsubiri mama yake atoke sokoni, na hakuna aliyejiuliza, hata mimi msomi, ni marehemu gani anayelazwa kichwa ndani ya pipa. Nikalia, "Eliza wangu, Eliza!" Mle ndani ya pipa ikatoka sauti:

"Mjomba, picha imetoka?"

Mwenye kuni alizitupa, na sijui alipita uchochoro gani. Mama Yusta alibaki, akauliza machozi yake nani atamrudishia. Halafu dada akafika analia, akamkuta marehemu anakula biskuti.

"Chuo kilikufundisha kuzika walio hai?" akaniuliza.

Lakini Mbeya, Eliza alipanda mwenyewe kitandani, akanyooka, hakutikisika hata kope. Picha ikatoka safi bila dawa yoyote, na kichwani hamkuwa na la kutisha. Mtaalamu akatoka anatabasamu, akauliza nani alimfundisha mtoto huyu.

Dada akajibu bila kunitazama, "Mtaa mzima."

Njia ile ni nzuri na nitaitetea popote. Ila nimeapa: nikimfundisha tena mtoto kulala tuli, nitapiga hodi nyumba kwa nyumba kwanza, na nitaanzia kwa Mama Yusta.