Gari Niliuza, Bima Ikaendelea kwa Jina Langu, Sasa Kuna Mama Amevunjika Mguu

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pole na kazi. Nakuomba ulifiche jina langu kabisa, hata hospitali ninayofanyia kazi usiitaje, maana huku milimani tunajuana wote.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mama wa watoto wawili, muuguzi huku Upareni, upande wa Gonja. Miaka ya nyuma nilikopa benki nikanunua kigari cha kushukia Same. Siku ya kusaini nilipewa makaratasi mengi, nikasaini yote. Kumbe moja lilisema bima kubwa ya gari ikiisha watu wa bima watakuwa wanaihuisha wenyewe kila mwaka na kukata kwenye akaunti yangu. Sikulisoma. Nilikuwa na furaha ya gari.

Mkopo ukaisha. Barabara zetu mvua zikinyesha zinamaliza gari, kila mara mimi na fundi, leo shokapu, kesho bushi. Nikachoka, nikamuuzia mwalimu mmoja tunayeimba naye kwaya, nitamwita Elia. Tuliandikishiana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kubadilisha jina kwenye kadi ya gari akasema, "Dada, mwezi ujao nakwenda kumalizia." Nikamwamini. Mwezi ujao haukufika.

Siku moja nikiwa zamu nikapata meseji: "Ndugu mteja, bima ya gari lako imehuishwa. Asante kwa kuendelea kuwa nasi." Gari lipi? Niliomba ruhusa nikashuka hadi Same, ofisi ya bima. Dada wa kaunta akaniambia, "Mama, hiyo inajihuisha yenyewe kwenye mfumo. Sisi huku hatuwezi kuigusa. Andika barua." Nikaandika palepale nikimweleza kwamba gari nimeshauza, nikamkabidhi, wala sikuomba nakala yenye muhuri. Baadaye ikaja meseji kwamba ombi langu la kusitisha bima kwa sababu ya kuuza gari limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nilishukuru Mungu nikajua yameisha.

Mwaka uliofuata wakahuisha tena. Nikipiga simu napigiwa muziki mpaka inakatika. Nilipomweleza Elia alicheka. "Dada, si unanifaidisha tu?" Kadi bado ilikuwa na jina langu.

Sasa mwezi uliopita, siku ya mvua, tuliletewa majeruhi kutoka barabara ya Ndungu. Mama wa makamo, alikuwa amesimama pembeni na gunia lake la tangawizi akisubiri usafiri, gari likateleza likamfuata pale alipo. Paja limevunjika vibaya. Mimi ndiye niliyemkata gauni kwa mkasi, mimi ndiye niliyemtuliza akilia. Sikujua kitu. Nilipotoka nje nikamkuta Elia amekaa kwenye benchi, suruali imejaa tope. Akanitazama akasema, "Dada, ni lile gari."

Juzi alikuja nyumbani na mkewe. Akapiga magoti sebuleni kwangu, mtu mzima, mwalimu wa watoto wangu. "Dada, nakuomba useme uliniazima. Ukisema uliniuzia, bima ya jina lako haitalipa, na yule mama atatibiwa na nini? Mshahara wangu wote una makato." Mkewe analia, na mimi nalia.

Na wale watu wa bima ambao hawakunisikia miaka yote, sasa namba yangu wanayo. Kijana mmoja wa kiume alinipigia kwa heshima zote. "Mama, tutakuja kuchukua maelezo yako. Tunachotaka kujua ni kimoja tu, siku ya ajali gari lilikuwa lako?"

Nikamwambia, "Mimi niliwaandikia barua muisitishe hiyo bima."

"Barua hatuioni kwenye faili, mama. Kama una uthibitisho wowote, uandae."

Ndugu zangu, uthibitisho ninao. Ile meseji ya kupokea ombi langu bado ipo kwenye simu. Nikiionyesha, mimi natoka msafi, ila yule mama anabaki na mguu wake uliovunjika. Nikiifuta, nikaficha na karatasi ya mauzo, nikasema nilimwazima Elia gari, nitakuwa nimesaini uongo, na ukija kujulikana nitapoteza kazi, labda nifungwe. Mume wangu anasema niseme ukweli nijitoe, hayo mengine si yangu. Lakini yeye hamwoni yule mama kila asubuhi. Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani.

Hana mume, anauguzwa na binti yake aliyeacha kibarua. Wanasubiri pesa ya bima ili apelekwe hospitali kubwa akafanyiwe upasuaji, na daktari ameshasema mguu hauwezi kusubiri sana. Jana nikimpa dawa alinishika mkono, tunaongea Kipare chetu, akaniambia, "Mwanangu, nimesikia mwenye gari ana bima kubwa. Mungu ambariki huyo mtu popote alipo." Nikajibu amina. Nikaenda stoo ya mashuka nikafunga mlango, nikakaa chini, nikashindwa hata kuomba.

Wanakuja Jumatatu. Sili, kwaya nimeacha kwenda. Sikuitaka bima hii, niliikataa kwa barua na kwa mdomo, na leo mguu wa mtu unategemea neno langu moja. Msinitukane, mwenzenu nimefika mwisho. Nitaingia zamu Jumatatu asubuhi, nitaanza na kitanda chake kama kawaida, halafu nitaitwa ofisini kuulizwa. Niambieni, nikiulizwa gari lilikuwa la nani, nijibu nini?