Majivu ya Kubangulia

Moshi wa korosho zinazochomwa ukinifikia, hata huku mjini, mikono yangu hujificha yenyewe nyuma.

Bibi yangu alibangua korosho barazani, mikono kaipaka majivu hadi viwikoni, maana mafuta ya maganda yanaunguza ngozi. Watu wa filamu za kutisha, waliozoea kuja kwetu kwa ajili ya magofu, wakamwona. Walikuwa na adabu, hilo siwanyimi.

“Shikamoo, bibi. Tunaomba tukurekodi ukifanya kazi yako hivyo hivyo.”

“Marahaba, wanangu. Rekodini tu.” Akawafungia na korosho za kutafuna njiani.

Filamu ilipofika kwenye kibanda cha video, tulijazana watoto wa mtaa mzima. Nikamwona Bibi, mikono myeupe kwa majivu, akivunja mifupa ya watoto. Zilikuwa korosho zile zile. Mlio tu ndio walioubadilisha. Wenzangu wakanigeukia.

“Kumbe bibi yako mchawi!”

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, “Simjui yule.”

Niliporudi, Bibi akaninyooshea korosho ya moto kama kawaida yake. Nikaficha mikono nyuma.

“Una nini, mjukuu wangu?”

“Naogopa hayo majivu.”

Alinawa, akakaa, akaendelea kubangua mikono mitupu. Hakuyapaka tena tangu siku hiyo. Vidole vilimbabuka hadi vikatoka damu, na korosho alizonipa nilizitafuna zote.