Nukta Tatu Chini ya Bawaba

Uani kwangu kulikuwa na magari tisa, na hakuna hata moja lililowahi kunifikisha sokoni. Yote ni stesheni wagoni za zamani, yale magari marefu yenye paa lililonyooka mpaka nyuma kama mkate wa kukatwa. Kuku walitagia ndani ya la kwanza, nguo nilianika kati ya la tatu na la nne, na wageni wakija wanapiga picha. "Mama, mumeo anajua kupenda vitu vya kale!" Mimi nacheka tu. Ningewaambiaje kwamba mume wangu hayapendi hata kidogo?

Ukweli niliujua mimi peke yangu. Mume wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na mji mzima wanamwita Fundi Nyoosha. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, tajiri wake alileta stesheni wagoni mbili zilizopata ajali, moja imeumia mbele, nyingine imeumia nyuma. Akaambiwa azikate zote mbili katikati, nusu nzima aiunge na nusu nzima, liwe gari moja kabla ya Jumamosi. Akaunga. Juu ya sakafu alichomelea. Chini hakugusa, muda ulikwisha. Akaziba kwa puti, akapaka lami, akapiga rangi ya kijani, likang'aa, likauzwa kwa watu wasiojua lolote. Tena kwa kiburi cha ujana akagonga alama yake kwa tindo, nukta tatu chini ya bawaba ya mlango wa nyuma. Jamani! Mtu anafanya uovu halafu anautia sahihi.

Miaka ishirini alikula na kulala vizuri. Kisha siku moja gereji ikaletewa gari lingine la kuungwa, kazi ya fundi mwingine, limekatika vipande viwili barabarani. Gari lililetwa. Dereva hakuletwa. Tangu siku hiyo mume wangu hakutulia, akawa analitafuta lile aliloliunga yeye. Namba zilishabadilishwa, rangi huenda pia, tajiri alishakufa, kwa hiyo njia ilibaki moja: kila stesheni wagoni ya aina ile inayouzwa, aende akaione. Akikuta chini ya bawaba pameliwa na kutu au pamefunikwa na puti, analinunua hivyo hivyo, aje alikwangue nyumbani. Tisa alizikwangua. Patupu.

Tuligombana, msinione hivi. "Waambie watu!" nilimwambia. "Weka tangazo, mwenye gari ajijue."

"Na jina langu, mama watoto? Nikilipata nitalinunua, nitalikatakata, basi, limekwisha."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo chenyewe wala si chako."

Alikuwa akinijibu kwa kutoka nje kwenda kukwangua.

Jumanne moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuza matairi akampigia simu. "Fundi, ipo moja kwa seremala wa nyuma ya soko. Ameandika kwenye kioo, linauzwa." Mume wangu akaacha chai inafuka. Nami nikajifunga kanga nikamfuata, kwa sababu nilishaapa: la kumi likiingia uani, mimi natoka.

Tulilikuta linanguruma mbele ya karakana, rangi ya kijivu, na watoto sita wa shule wanajipakia ndani. Mmoja alikuwa binti wa seremala mwenyewe, amekaa mbele, miguu haifiki vizuri chini. Mama zao wamesimama kando wanawapungia. Seremala akafuta vumbi la mbao mikononi, akatusalimu vizuri. "Mmechelewa, Fundi. Tangazo nimeshalifuta. Wazazi wa mtaa wamenipa kazi ya kuwapeleka watoto shule, leo siku ya tatu. Siuzi tena."

Mume wangu alishainama kwenye mlango wa nyuma, anakwangua kwa ukucha. Nikainama nami. Nukta tatu. Na pale ukucha ulipopita, chini ya kijivu, kijani.

Ndilo lile.

"Nakupa mara mbili ya bei uliyoandika," mume wangu akasema.

"Nimesema siuzi, ndugu yangu."

"Gari hili ni bovu chini."

Seremala akacheka, na mama wa watoto wakacheka naye. "Ehee! Sizitaki mbichi hizi! Ukikosa kununua, gari limekuwa bovu? Nina nalo miaka sita, halijanigomea hata siku moja." Akaingia, akafunga mlango. Kutoka pale njia inashuka kilima, mashimo matupu, mpaka darajani. Akatia gia.

Nikamtazama mume wangu. Anawatazama wale mama, halafu anatazama chini. Watu wote pale walikuwa wanamjua. Hasira ikanipanda mpaka utosini. Nikaenda nikasimama mbele ya boneti, mikono kiunoni.

"Mama, nitakugonga," seremala akasema.

"Nigonge! Sitoki. Baba watoto, sema, au nasema mimi!"

Ndipo sauti ikamtoka. "Shusha watoto. Nipe jeki. Nikiwa nimekosea, magari yangu tisa njoo uyachukue leo, bure."

Seremala akazima gari, si kwa kuamini, ni kwa tamaa ya magari tisa. Watoto wakashuka. Mume wangu akaweka jeki chini ya ubavu, katikati ya milango miwili, akapandisha mara moja, mara mbili. Ya tatu, kitu kikalia ndani ya chuma, na lami ikaanguka vipande vipande. "Fungua mlango wa nyuma," akasema. Ukafunguka. "Sasa ufunge." Seremala akausukuma kwa bega, ukakataa, gari limepinda katikati. Mume wangu akainua zulia la mbele. Mchanga wa barabarani ulionekana kupitia ufa, pale pale binti wa seremala alipokuwa ananing'iniza miguu.

Mama mmoja akaangua kilio. Seremala akapiga magoti, akatia vidole viwili kwenye ule ufa, vikapita. Aliposimama uso ulikuwa umembadilika.

"Ni mbwa gani aliyeunga hii?"

Angenyamaza hapo, ingekuwa imekwisha. Gari limesimama, watoto wazima, na yeye shujaa wa mtaa. Hata mimi, Mungu anisamehe, mimi niliyempigia kelele miaka yote ile, nilitamani anyamaze. Nilimvuta shati.

"Ni mimi," akasema. "Tazama chini ya bawaba ya mlango wa nyuma. Nukta tatu. Alama yangu."

Seremala akatazama. Akanyanyua mkono, nami nikafumba macho. Kofi halikulia. Nilipofumbua, alikuwa anafungua buti la gari. Akatoa mabegi ya shule moja moja, yote sita, akamtundikia mume wangu mabegani na shingoni.

"Shule inaingia saa mbili," akasema. "Utawabebea."

Tukashuka kilima kwa miguu, watoto mbele, seremala amemshika bintiye mkono, mume wangu nyuma ameinama. Muuza matairi alikuwa mlangoni kwake. "Ee Fundi! Leo umekuwa mpagazi?" Nikadhani mume wangu atapita. Akasimama, akamweleza yote, mpaka ile lami. Akamweleza fundi cherehani, akamweleza muuza mkaa na wateja wake wawili. Alipotokea mwingine kuuliza nilimpokea mabegi mawili, maana jasho lilikuwa linamwingia machoni na mikono hana ya kujifuta.

Getini tulifika tumechelewa. Mwalimu akawauliza watoto kisa ni nini, nao wote wakageuka kumtazama Fundi. Akatua mabegi chini, akaanza tena tangu mwanzo.